Shibiri Moja

Mama ni fundi cherehani, mtaa wa Cordillera, Valparaíso,
na kwake kisichopimika hakijawa kitu.
Basi dada Yasna alipoweka tikiti mezani,
Santiago kwenda Auckland, Jumapili, saa tano usiku,
hakulia. Aliniambia, "Lete lile tufe lako."

Tufe la shule, lenye ufa juu ya Siberia.
Akabana uzi mweusi kwa pini mbili, akauvuta,
nao uzi ukaikataa njia niliyoichora ukutani kwa rula,
ukateleza kusini, kusini zaidi,
ukainama kuelekea kwenye barafu
kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo.
"Ramani yako imepigwa pasi," alisema.
"Dunia yenyewe ina nyonga."

Uzi: sentimita ishirini na tatu, kasoro kidogo.
Kiuno cha tufe: tisini na nne.
Kiuno cha dunia, nikamsomea, kilomita elfu arobaini.
Akapiga hesabu kwa chaki juu ya suruali ya mteja:
elfu tisa na mia saba.
Akagawanya kwa mwendo wa ndege, mia tisa kwa saa.
Saa kumi na moja, hata hazitimii.

Tikiti ilisema kumi na tatu.

Akarudia. Akanishuku mimi. Akaishuku kampuni
kwamba inaiba saa mbili za watu, kama fundi anayeiba kitambaa.
Usiku akateremka ngazi hadi kwa Don Baldovino,
aliyerusha maputo ya hali ya hewa miaka thelathini,
akarudi na neno moja tu: upepo.
Wakienda unawapiga usoni. Wakirudi unawasukuma.

Ikabaki tarehe.
Anaondoka Jumapili, anatua Jumanne alfajiri.
"Na Jumatatu yake?"
Nikamweleza ule mstari ulio katikati ya bahari;
akanitazama kama anavyomtazama mteja
anayeapa kwamba gauni limejipunguza lenyewe.
Nikasema: siku akirudi, ataondoka kule Alhamisi jioni
na kufika hapa Alhamisi ileile, mchana,
kabla hajaondoka.
Hapo akacheka, mara ya kwanza wiki ile.
"Kwa hiyo ni mkopo."
Tikiti ilikuwa ya kwenda tu. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumatatu nilitoroka shule, nikamkuta chumbani,
cherehani kimya, sindano imesimama katikati ya mshono.
Amekipachika kidole gumba juu ya Santiago,
na kile cha mwisho, chenye kovu la mkasi, juu ya Auckland.
Shibiri moja kamili.
Kule walikuwa gizani tangu waliporuka,
usiku mmoja mrefu ukikimbia sambamba nao.
Hapa jua lilikuwa juu ya mabati.
"Tangu saa ngapi umekaa hivyo?"
"Nyamaza, utanipotezea."

Saa sita ikagonga.
Mkono ulikuwa umekufa ganzi; ilibidi nimsaidie.
Aliniruhusu kuinua gumba tu.