Waliolala Kambi Msumeno

Anza na kilima, maana kilikuwapo.
Anza na mianzi, na mizinga juu ya mitarakwa,
na mwenye mizinga, ambaye daftari la kwanza
halikumwona: alikuwa juu ya mti.

Kisha reli. Kituo bila jina, nguzo na namba,
gari moshi likisimama kunywa maji kama ng'ombe
kabla ya kuteremkia Kisumu.
Kisha Mzungu na mashine yake ya kupasua mbao,
na siku moja, Mzungu mwenye vidole tisa.
Cha kumi alikizika babu yangu Kisali
chini ya lundo la unga wa mbao,
kwa amri, bila sala.
Kwa mgongo wakamwita Bwana Tisa. Kwa uso, Bwana.

Hesabu ya arobaini na nane:
Wazungu wanne. Wahindi saba, wote wa duka la Virji,
pamoja na kitoto cha siku tatu.
Wengineo: mia mbili na kumi, kwa kukadiria.
Babu alikuwa katika kukadiria huko.
Alitoka Maragoli na shuka, jembe na deni la kodi,
na msitu ukaisha kabla ya deni.

Uhuru ulipokuja, Bwana Tisa aliuza mashine kwa Virji,
Virji akaiuzia ushirika,
ushirika ukauza mkanda, ukauza mota,
ukabakiza jina.

Sabini na tisa: elfu moja, mia moja na sita.
Hapo ndipo nilipozaliwa, mimi ndiye huyo wa sita.
Pareto ilianikwa hadi kwenye paa la kanisa.
Kila Alhamisi Nyagilo alishuka na debe la omena,
akapanda na gunia la viazi,
na kwa Wangeci chai ilikuwa nzito,
kijiko kilisimama chenyewe
kikingoja mandazi.

Tisini na tisa: mia nne na kumi na mbili.

Fomu haina safu ya sababu.
Sisi wenyewe tunasema "wakati ule",
kisha tunauliza kama mvua itanyesha.

Na sasa Agosti, baridi ya kung'ata masikio.
Nimerudi na kizibao cha karani,
kishikwambi cha serikali, betri robo.
Usiku wa kuamkia leo, nani alilala hapa?
Mlango kwa mlango, na mbwa wananijua kuliko wenye mbwa.
Kwa mwalimu Obiero: mmoja, na redio.
Duka la Virji ni kanisa la watu kumi na wanane,
ila mchungaji analala humo, kwa hiyo kaya.

Kwa Tapkigen, mjukuu wa yule wa juu ya mti,
nimekuta viazi vimepandwa hadi kwenye msingi
wa nyumba ya Wangeci: mawe, kizingiti,
ua wa kayaba uliokua bila kukatwa.
Viazi kushoto, viazi kulia.
Katikati, saruji tupu. Imefagiliwa.

"Mbona humu hujapanda?"
"Ningepandaje? Hiyo ni sebule ya watu."

Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kisimani.
Sikumuuliza wakati ule yeye alikuwa wapi,
wala kakake.
Kishikwambi kikauliza: Je, nyumba ina wakazi?
Ndiyo. Hapana. Hakuna kingine cha kubonyeza.

"Niandike nini, mama?"
Akaegemea jembe. Akatazama barabara,
si kwa kungoja, kwa kutazama tu.
"Andika wametoka kidogo."

Garimoshi la mizigo likapita chini, halikusimama.
Tuliingoja kelele yake iishe.
Kisha akaniuliza mimi nililala wapi jana,
nikagundua kwamba sijajiandika popote.