Fungu la Malewa

Mafunzo ya pampu za visima yalikwisha Ijumaa.
Cheti nilikikunja ndani ya gazeti,
mfukoni zikabaki elfu ishirini na tatu za Uganda,
kumi zikiwa za tumbo langu, njia nzima hadi Singida.
Zilizosalia zilikuwa na majina tayari:
shangazi Nyamizi, watoto wa kaka Ntandu,
na bosi aliyesaini safari akasema, "Usitusahau huku,"
huku akicheka nusu.

Mkono mtupu haulambwi.

Kwenye duka la hoteli alisimama twiga wa mti,
elfu arobaini, shingo na yote.
Nikamwambia: ndugu yangu, nikikupeleka kwetu
watasema nimekurudisha.

Soko la Mbale, saa moja asubuhi,
Wanale umejifunika ukungu mpaka mabegani.
Nambozo alikaa nyuma ya mafungu ya kitu
kilichofanana na kamba za viatu zilizookolewa motoni.
"Mulembe," akasema.
"Mulembe," nikajibu, ndilo neno langu pekee,
naye akadhani nayajua yote, akanimwagia Kigisu
mpaka alipoyaona macho yangu.
Ndipo akatoa Kiswahili chake kutoka stoo,
alichokiokota utotoni jirani na kambi ya askari;
kila ombi lilitoka kama amri.
"Nusa!"
Nikanusa. Moshi. Mlima.
Kitu kama mvua iliyobanikwa.

Machipukizi ya mianzi, akasema, yamekaushwa juu ya moto.
Loweka! Katakata! Pika na karanga ya kusaga!
"Bei gani?"
"Elfu nne."
"Mbili."
"Panda wewe mlima, ukate, ubebe, ukaushe,
halafu njoo uniuzie mimi kwa mbili."
Nikatoa tatu na nusu, nikitazama chini.

Elfu tano ikaenda kwa karanga iliyosagwa,
ndani ya chupa ya zamani ya jemu,
kifuniko cha chupa nyingine,
kipande cha nailoni katikati kupatanisha.
Nne na nusu, kahawa ya bosi.

"Kwenu mnakula nini?"
Ugali wa uwele, nikasema, na mlenda.
"Mlenda ndiyo nini?"
Nikauvuta hewani kwa vidole viwili, mrefu, haukatiki,
akacheka hadi muuza nyanya akageuka.
Akaniongezea fungu dogo.
"Hili siuzi. Waambie: nyanya marufuku!"

Busia, ofisa wa forodha alifungua begi,
akarudi nyuma hatua moja,
kisha akasogea tena, taratibu.
"Malewa?" Sauti ilikuwa imeshuka cheo.
"Mama yangu alizaliwa Bududa."
Hakuomba kitu.
Alifunga zipu kama mtu anayemfunika mtoto,
na mimi, mkono wangu juu ya lile fungu la bure,
nikachelewa kuamua.
Foleni ikanisukuma.
Mpaka Kisumu nilikuwa bado naamua.

Nyumbani shangazi alitia nyanya.
Tulikuwa tisa, kila mmoja nyuzi tatu au nne.
Mdogo wa Ntandu alitema, mkubwa akaomba za mdogo,
shangazi akatafuna kimya, kisha akasema
kuna mti ameula, na haujamdhuru.
Bosi alipokea kahawa kwa vidole, akaipima.
"Ndiyo hii tu?"
Ndiyo hiyo tu, mkuu. Iliisha Jumatano.

Shati langu lilinuka moshi hata baada ya kufuliwa,
nami sikulalamika.

Juzi nimeikuta ile chupa ya jemu juu ya kabati,
imeoshwa, imejazwa mlenda mkavu uliotwangwa,
kijani kimezeeka vizuri.
Nikauliza ni ya nani.
"Ya yule mwanamke wa amri," shangazi akasema.
"Si utapata tena safari?"
Sina namba ya Nambozo. Nina jina lake,
soko, na upande ulipo mlima.
Kifuniko bado ni cha chupa nyingine.