Kata Haijui

Saa tano usiku, Julai, na baridi ya Tacuarembó
imepita chini ya mlango wa ushirika wa maziwa
bila kuulizwa jina.
Sisi wengine twaulizwa.

Miaka kumi na mmoja majina yetu yalilala
katika faili moja la maandishi matupu,
mia mbili na sita, kila jina na nywila yake ubavuni,
uchi kama kondoo waliotoka kwenye mkasi.
Aliyeliandika ni Edelmiro Bentancur, karani,
mtu aliyeamini kuwa wezi wanakaa Montevideo.

"Nélida, yahamishe," alisema mwenyekiti,
Zulma Arrillaga, akifyonza majani machungu
kwa mrija wake wa bati. "Majedwali mawili tu,
hukuombwa kujenga ghorofa."

Mawili kweli. La kwanza: jina, nywila.
La pili: jina, cheo.
Mkamuaji, mpimaji, mhasibu, daktari wa mifugo.
Maana kuitikiwa hodi ni jambo moja,
kuonyeshwa chumba ni jingine.

Nikaielekeza seva kwenye hifadhidata.
Ikajibu kwa herufi nyekundu: dereva hayupo.
Nikacheka peke yangu.
Hata lori la maziwa halina dereva tangu Jumatatu.

Nilipompata dereva, nikamweka kwenye folda yake,
nikaizima seva, nikaiwasha, nikabisha.
Ikaniambia: nakujua, Nélida.
Halafu ikanifungia kila chumba.

Saa nzima nilitafuta kosa kubwa.
Lilikuwa dogo: baada ya neno *mhasibu*
nafasi moja tupu, upana wa pumzi,
kitu ambacho jicho hulipita
na mashine hailipiti.

Ila kuhamisha ni kushika, na kushika ni kuona.
Sikutaka kusoma. Nilisoma.
Daktari aliandika jina la farasi jike aliyemzika mwenyewe.
Zulma, tarehe ya mafuriko.
Mapacha wa Ansina, wasiosemezana tangu urithi,
neno lilelile, herufi kwa herufi,
na hakuna anayejua juu ya mwenzake.
Edelmiro, tuliyemzika Machi,
aliandika bei ya lita moja
mwaka ule benki zilipofunga milango.
Kumbe kila asubuhi alifungua kazi kwa kidonda.

Basi nikatia chumvi.
Ndivyo tusemavyo wenye kazi hii,
na watengeneza jibini hawatashangaa:
chembe za kubahatisha, kila jina na chembe zake,
kisha kusaga, kusaga mara laki moja,
mpaka neno liwe unga
usioweza tena kuota.
Mapacha wa Ansina sasa unga wao haufanani.
Samahani. Ilikuwa lazima.

Siri ya mtungi aijuaye kata, tunaambiwa.
Usiku huu kata haijui.
Ukileta nywila, seva itaisaga mbele yako,
italinganisha unga na unga,
itakufungulia au itakataa,
na katika yote hayo haitakuwa imekujua.

Faili la zamani nililifuta, nikaandika juu yake sifuri,
nikalifuta tena.
Safu ya Edelmiro sikuifuta. Kwenye safuwima ya *hai*
nimeweka sifuri moja,
mikono ikiwa imekufa ganzi,
ingawa jiko la kuni lilikuwa bado linawaka.

Saa kumi na nusu alfajiri
mstari wa kwanza ukatokea kwenye kumbukumbu:
Quintana, mkamuaji, ameingia.
Ng'ombe wanane, lita mia na nne.
Hakuuliza chochote. Kwake mlango ni uleule.

Nimekwisha kuyasahau niliyoyasoma,
kwa makusudi, moja moja, kama mtu anayezima taa za nyumba.
Farasi. Mafuriko. Neno la mapacha.

Bei ya lita imegoma kuzimika.