Iinamishe Kidogo

Kazini kwangu Ruwi, dirisha la tatu,
nainamisha noti za watu kwenye taa.
Uzi wa fedha ukikonyeza, napiga muhuri;
ukinuna, namwita meneja.
Miaka kumi na tisa nasemezana na karatasi.

Basi Alhamisi usiku, dukani kwa Dilmurad, Al-Khudh,
baina ya dobi na muuza shawarma,
Azzan wa dada yangu akanifundisha kazi yangu.

"Usitazame picha, halati. Picha inadanganya.
Tazama kona ya chini, pale padogo kama punje ya ufuta.
Duara: ya kawaida, zimejaa kama kokoto za wadi.
Almasi: si nyingi, si chache.
Nyota: adimu. Nyota mbili, zuia pumzi.
Nyota ya dhahabu..." Hakumaliza,
kama mtu aliyetaja jini usiku.

Na kung'aa je?
Akacheka kicheko cha bibi yake.
"Kung'aa ni jambo jingine. Hata duara hung'aa.
Ipo inayong'aa picha tu, mwili umekaa kimya.
Ipo iliyogeuzwa: picha kavu, kandokando kote
kunametameta kama ubavu wa nguru.
Na ipo ya mistari. Pitisha ukucha."
Nikapitisha. Ilikwaruza
kama kanga mpya, bado ina wanga wake.

Na ya bandia? (Hapo aliuliza mtu wa benki.)
"Ya bandia inang'aa kote, saa zote,
hata usipoiinamisha. Haina haya."
Nikanyamaza.
Nimewahi kuposwa na mtu wa namna hiyo.

Riyali mbili na nusu, pakiti.
Aliinusa kwanza, ndipo akaipasua.
Duara, duara, duara, almasi, duara,
kisha Malkia wa Chumvi,
mistari juu ya joho lake, na kona ya chini
nyota ya dhahabu.
Dilmurad akasogeza miwani: thelathini na tano, taslimu, sasa hivi.
Nikamwambia mtoto kwa Kiswahili, fikiri.
Akanijibu kwa Kiarabu, la, mara mbili.

Nje, Agosti ilikuwa imetusubiri mlangoni
na taulo lake la maji moto.
Karatasi ikainywa ile hewa, metali ikagoma:
wawili waliogundishwa mgongo kwa mgongo,
mmoja ananenepa, mwenzake hataki.
Kabla hatujafika Mabela
Malkia alikuwa amejikunja mbele
kama anayeficha barua kifuani.

Tulimlaza chini ya sinia la shaba na kopo mbili za maziwa.
"Atanyooka?"
Atanyooka, nikasema. Kusahau, hasahau.
Nazijua noti zilizofuliwa mfukoni.

Saa tano usiku bado anapanga albamu.
Mfuko wa arubaini na moja ni mtupu.
Ni Mbuzi wa Mwamba, chapa ya kwanza, duara,
haing'ai popote.
Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli,
wakafutia chokoleti, wakaweka chini ya miguu ya meza.
Dilmurad hana. Binamu zake wa Sohar hawana.
Ilikuwa ya kawaida mno
hata hakutokea wa kuitunza.
"Sasa hii, halati, tuitie alama gani?"
Mimi huyo nikazima taa ya ukumbini.

Jumapili, dirisha la tatu,
mzee mmoja anaweka akiba ya bomani.
Katikati ya bunda, noti ya baisa mia,
laini kama leso, kona moja imeliwa.
Zamani tulikuwa tukirudishiwa chenji hizo
tunanunulia ubani wa kutafuna.
Nikaiinamisha kwenye taa.
Haikukonyeza, haikununa.
Mzee akauliza kama ina kasoro.
Hapana, nikasema,
na kidole changu hakijaiachia.