Farasi Tisa

Macsen kafika saa moja kasoro, mvua ya Tredegar bado imo kwenye kofia,
na kigari chake chekundu cha milango mitatu,
chekundu ukiacha mlango wa kushoto
ambao ni wa kijivu na una historia yake.

"Mia tatu, Teleri," ananiambia kabla ya salamu.
Si ombi. Ni namba aliyokwisha kuwatangazia watu.

Miezi kumi na minane ya zamu za usiku
akifunga biskuti kwenye makasha
imo humu chini ya boneti:
tabo inayozidi ngumi zangu mbili,
kipoza-hewa kinachong'aa kama sinia la harusi,
pistoni za kufuliwa,
na ekzosi ambayo Bi Prosser, jirani yake,
ameiandikia halmashauri barua mbili.

Nalifunga gari kwa mikanda minne juu ya rola.
Nawasha feni. Nafungua laptopu.
Watu hudhani kazi yangu ni kelele.
Kazi yangu ni kusikiliza.
Nazidisha shinikizo kidogo, nawahisha cheche kidogo,
huku nikihofia sauti moja tu,
ule mgongo wa ukucha kwenye kopo tupu
unaosikika kabla pistoni haijatoboka.
Haraka haraka haina baraka.
Basi mimi nauza haraka kwa mwendo wa kobe,
nusu digrii, kisha nusu digrii.

Gia ya nne. Nakanyaga.
Mstari unapanda, bati za ukuta zinatetemeka,
kikombe changu cha chai kinatembea mezani hadi ukingoni
na Macsen anakidaka bila kukitazama.

Mia mbili tisini na moja.

Tena. Mia mbili themanini na tisa.
Tunangoja ipoe. Tunakula biskuti zilizovunjika,
anazopewa bure kazini.
Tena.
Mia mbili tisini na moja.

Kwenye programu kuna kijisanduku: joto la hewa.
Ukiandika arobaini pale penye ishirini na moja
mashine huamini tuko jangwani, hutuonea huruma,
na farasi tisa huzaliwa papo hapo, hawadai hata nyasi.
Njia ya mwongo ni fupi. Hii ina vibonyezo viwili.
Niliipita mara moja, mwaka wa kwanza, kodi ya gereji ikinikaba,
na yule bwana hadi leo hunipungia mkono kwa furaha sokoni.
Ndiyo maana samaki nanunua mji mwingine.

Macsen anakijua kijisanduku. Vijana wote wanakijua.
Hasemi kitu. Anatazama vidole vyangu.

Nachapa karatasi.

Anaisoma kama majibu ya hospitali, anaikunja mara nne.
"Tisa tu," anasema.
Namwambia nikisukuma zaidi giaboksi itakula
biskuti zake zote za mwaka ujao.
Namwambia farasi tisa hawahisiki
na makalio ya binadamu yeyote.
"Si makalio," anasema. "Ni Rhodri."

Kwa hilo sina spana.

Tunatoka kulijaribu, mimi abiria, barabara ya mlimani.
Gia ya pili, ya tatu, tabo inavuta pumzi
na kiti kinanipokea mgongoni kwa nguvu,
nacheka, siku zote nacheka hapo, miaka ishirini sasa.
Kona. Ukungu. Breki.

Wamesimama katikati ya lami, farasi wadogo wa mlimani,
wameloa, nywele machoni,
wanatutazama kama wenye nyumba.

Anazima injini. Chuma kinalia tiki, tiki, kikipoa.
Namwona anahesabu kwa midomo.
Nami nahesabu.
"Saba," anasema.
"Bado wawili," namjibu, na hacheki.

Mmoja anakuja kujikuna ubavu
kwenye mlango wa kijivu, taratibu, gari zima linayumba.
Macsen ameshika usukani. Hamfukuzi.