Nani Ataendesha

Ramani tumeitandaza mezani, kona moja chini ya kopo la chumvi,
ya pili chini ya paka, ya tatu
chini ya kiwiko cha Lamara, ambaye ndiye mwenye kalamu
na kwa hiyo ndiye mwenye safari.
Ya nne inajikunja.

Siku tatu, anasema. Oktoba, wiki ya pili,
kabla mvua haijaigeuza barabara ya Gombori kuwa uji.
Tutoke Tbilisi alfajiri, tupande,
na kule juu, msitu unapoachia ghafla,
tusimame tulione bonde la Alazani limelala chali,
mizabibu mistari kwa mistari kama daftari la mtoto mwenye mwandiko mzuri,
na ng'ambo yake Kaukazi, nyeupe, haina haraka na mtu.
"Picha, dakika kumi," ameandika. Kumi amepigia mstari.

Kisha Telavi. Kisha kwa Mzevinari, mjane anayezika divai
katika mitungi ya udongo iliyofukiwa hadi shingoni,
anaiacha na maganda yake, na mbegu, na vikonyo,
mpaka Machi itoke na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Zviadi anataka Kvareli, kwenye ghala lililochongwa mwambani,
maana pana maegesho, na vyoo safi.
Kizuri chajiuza, Lamara anamjibu, wao wanatangaza vyoo.
Wanabishana. Mimi nahesabu:
maghala saba, vionjo vitano kila ghala,
thelathini na vitano, na hapo sijamweka
mwenyeji atakayesimama na glasi kuwakumbuka marehemu wetu.
Nani atakataa kunywa kwa ajili ya marehemu wake?

Basi nani ataendesha?

Sheria ya huku haina mzaha na pumzi ya dereva,
na barabara ile haina mzaha na yeyote.
Zviadi ana mgongo. Lamara ana kalamu.
Nimekwisha kufungua mdomo niseme mimi, kama desturi yangu,
ndipo Baba, tuliyedhani amesinzia na redio yake kando ya jiko,
anasema, "Nitaendesha mimi."

Hatutazamani.
Miaka thelathini na minane Baba alikuwa pua ya kiwanda cha Gurjaani.
Walimletea vikombe asubuhi, hajatia kitu tumboni, naye akataja
mteremko gani, kiangazi gani, nani aliacha mfuniko wazi.
Halafu ile homa, siku tisa kitandani,
na alipoinuka kahawa ilikuwa maji ya moto,
sabuni ilikuwa kitu kinachoteleza,
na divai, alimwambia daktari, ni unyevu.
Siku moja nilimkuta kabatini, shali ya Mama usoni.
Aliikunja vizuri, akairudisha.

"Lakini Baba, safari yenyewe ni ya kuonja," Zviadi anasema,
na papo hapo anatamani maneno yangekuwa na kamba ayavute.

Baba anakuja mezani.
Anaibana kona ya nne kwa kidole gumba.
"Oktoba divai haijanyamaza," anasema. "Bado inachemka.
Kwa Mzevinari nitapiga magoti, nitege sikio kwenye mdomo wa mtungi.
Ya mteremko wa changarawe hulia kama mvua ya mbali juu ya bati.
Ya bondeni, kwenye udongo mzito, hutafuna kama mtu asiyefunga mdomo.
Nyinyi onjeni. Mkimaliza kusifu
nitawaambia kama mmesifu mtungi wenyewe
au mmesifu mandhari."

Lamara amefuta Kvareli.
Ameandika "Usukani: Baba,"
na mbele ya jina la Mzevinari, pa kuandika dakika,
kalamu imesimama, imesimama,
kisha akaifunga. Pale pamebaki weupe.

Zviadi anauliza, taratibu, kama kwa huyo mjane kuna choo.
"Kuna shamba," Baba anasema.