Kitambaa cha Sita

Mvua ya vuli ilipopenya bati upande wa jikoni
nilivuta sanduku la chuma lisilowe,
na kwa kuwa lilikuwa zito nikalifungua,
na kwa kuwa nililifungua, basi.

Kwanza harufu: nafthalini, halafu dagaa.
Ukikaa Kirumba kila kitu hunuka dagaa mwishowe,
hata nguo za arusi.

Shuka la kitanda lenye kanga mmoja na nusu.
Yule nusu ana kichwa, ana madoa, hana miguu;
miaka ishirini na sita ameelea hivyo hivyo hewani
akingoja nimpe pa kukanyaga.
Sweta la mtoto, mkono mmoja.
Mtoto mwenyewe, Masalu, sasa anaendesha lori la Geita
na ana ndevu.
Na viraka vya tandiko nililokata kwa fujo za ujana:
sare za shule, pazia la ofisi ya ushirika,
shati la marehemu baba Masalu, lile la mistari,
vyote vimebanwa kwa pini zilizoota kutu,
kila pini imeacha nukta ya kahawia
kama mtu aliyekuwa akihesabu kitu
akaitwa nje.

Nikasema mwaka huu sianzi kipya.

Kanga alipata miguu siku ya Jumanne.
Sweta nililifumua lote, likawa soksi za dereva.
Viraka vilinifikisha Kwaresima.
Nilivianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
lile jiwe ambalo fundi alishindwa kulipasua
akaupindisha ukuta wangu kulikwepa.
Ziwa lilikuwa limetulia. Mbuzi wa jirani
alikula nukta tatu za kutu na kipande cha ushirika.

Uzi mwekundu niliupeleka Makoroboi, umezungushwa kidoleni.
Sundi akauvuta kwenye mwanga, akatikisa kichwa:
"Mama, mwekundu huu umekwisha duniani."
Nikachukua mwingine, mkali kidogo,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Chini kabisa, vitambaa vya makochi.
Viwe sita, tuligawana: mimi vitatu, Kwandu vitatu.
Vitano vimekamilika.
Cha sita kina sindano ndani, katikati ya ua,
na mishono inainamia kushoto,
maana Kwandu ni mashoto.
Aliiacha pale siku niliyogundua
kwamba ameuza cherehani ya mama.
Nilisema maneno. Naye aliyasema yake.
Kesho yake akapanda meli ya Nansio,
na kitambaa nikakikunja na sindano yake.

Ningekimaliza usiku mmoja.
Nilishika sindano, haikutoka;
kutu ilikuwa imeishona.
Nilipoivuta kwa koleo
mkono wangu wa kulia ukaona haya,
maana mishono yangu ingeinamia kwingine
na kila mgeni angekaa juu ya ugomvi wetu.

Nikakifunga kwa gazeti, nikampa kijana wa melini.
Barua sikuandika. Niliweka sindano mpya
na uzi wa Sundi.

Wiki tatu kimya.
Nikajiambia gazeti limewashia mtu jiko.

Alhamisi kimerudi, ndani ya mfuko wa sukari,
pamoja na machungwa ya Ukerewe.
Ua limekwisha, nusu lenye wekundu wa zamani,
nusu lenye ule mkali, yote yameinamia kushoto.
Barua hakuna.
Pindo hakugusa. Sindano inaning'inia ukingoni,
imetungwa uzi tayari,
urefu wa mkono wangu, si wake.

Namjua Kwandu. Tangu utotoni hapendi kupinda;
alikuwa akinitupia mimi
na kukimbilia kuoga ziwani.
Kwa hiyo sijui kama huu ni msamaha
au ni uvivu ule ule.

Nimevaa miwani. Napinda.
Machungwa ni matamu sana.
Mawili yameoza.